Duara Jekundu Lenye Kovu

Vijana wa karakana, mlinipa saa ya mezani siku ya kuniaga, nami nawashukuru. Ipo juu ya kabati, inapiga kelele mchana kutwa, na mke wangu Eliaichi ameifunika kwa kitambaa ili apate kusikia kuku wake. Fundi rangi hahitaji saa. Mkono wa kwanza wa rangi ukikauka unapiga wa pili, na usipokauka unakwenda kunywa chai. Lakini mmoja wenu aliniomba kitu kingine pale pale kwenye sherehe. Alisema niwaandikie jinsi nilivyofanya kazi, kwa kuwa nikiwasimulia mnasahau. Basi nimenunua daftari la mistari, na mistari yake, niwaambie ukweli, haikupigwa vizuri.

Sitaandika nani alinipandisha cheo na lini. Hayo yapo ofisini ndani ya faili, na panya wakipenda watayasoma. Nitaandika habari za kamba, rangi na mwalimu wangu, na mwishoni nitawaambia jambo la ule ukuta wa ukumbi wa mikutano, kwa sababu siku moja mtatumwa kuupaka upya, na kuna mahali mtakosea kama mimi nilivyokosea.

Nilitoka kwetu Poli, mlimani, nikiwa kijana. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa na mkulima wa kahawa, na alitaka niwe mwalimu wa shule. Nilishindwa mapema. Mwalimu alipotaka tuandike majina kwenye kibao, mimi nilichora miraba, mraba ndani ya mraba mpaka nafasi ikaisha. Baba aliitwa. Alikiangalia kile kibao, akasema afadhali niende mjini nikatafute kibarua kabla sijachora juu ya Biblia.

Wakati huo Wajerumani walikuwa wamekwisha kuondoka na Waingereza wamekaa kwenye majengo yao. Wajerumani walipaka nyeupe. Waingereza walitaka rangi ya maziwa, na milango ya kijani. Ndiyo tofauti ya serikali hizo mbili niliyoweza kuiona mimi kutoka juu ya ngazi, na iliniletea kazi ya miaka mingi.

Fundi mkuu alikuwa Fundi Athumani, mtu wa Pangani, mwembamba, mwenye kofia iliyofuliwa kila siku na kanzu aliyoivua akifika kazini, akaivaa tena akiondoka, isiyokuwa na tone moja la rangi. Huko pwani alikuwa amepaka nakshi za misikiti na maduka. Siku ya kwanza nilidhani atanipa brashi. Alinipa msumari, kamba, na ukuta wa nyuma ya ghala usiokuwa na kazi. Akaniambia nipige mstari kutoka mwisho huu hadi mwisho ule. Nilichukua chaki, nikafumba jicho moja kama mtu anayelenga ndege, nikachora. Hakucheka. Aliileta pimamaji na kuiweka juu ya mstari wangu, akaniachia niangalie mwenyewe lile povu linavyokimbilia pembeni.

Halafu alinionyesha. Kamba unaisugua kwa buluu ya kufulia nguo. Unaifunga kwenye misumari miwili, unaivuta mpaka iimbe, unaishika katikati kwa vidole viwili, unaiachia mara moja tu. Ukiiachia mara mbili umepata mistari miwili, na hapo umeharibu. Nilipiga mistari wiki tatu. Kila jioni niliifuta kwa maji, na kila asubuhi ukuta uliningoja mtupu. Wenzangu wa kibarua walisema yule Mswahili amenifanya mjinga. Sikuona hivyo. Nilikuwa na raha ambayo sikuwahi kuipata mahali popote, na niliona aibu kidogo kuwaambia.

Baada ya mistari tukaingia kwenye duara. Msumari katikati, kamba yenye fundo, chaki kwenye fundo. Kutoka kwenye duara unapata nyota ya pembe nane bila kupima chochote, na siku niliyoiona ile nyota inatokea yenyewe chini ya mkono wangu nilirudi nyumbani nikashindwa kula. Nilimwuliza Fundi Athumani kama mimi, Mlutheri, naruhusiwa kuchora kitu cha msikitini. Akanijibu kwamba mraba hauna dini, hauli nguruwe wala hausali. Umbo, alisema, halina mwenyewe. Nililishika neno hilo zaidi ya miaka ishirini. Ni mahali pamoja tu mwalimu wangu alipokosea, na ndiyo habari nitakayofika nayo.

Neno lake la pili halikukosea. Alilisema nikiwa nimepiga mstari wa dari katika nyumba ya afisa, ukapinda upana wa kidole, nami nikamwambia mwenye nyumba umenyooka. Fundi alingoja mpaka tukabaki wawili.

"Sikiliza," aliniambia. "Fundi anaweza kudanganya siku atakayomaliza kazi. Kila fundi anadanganya, na watu wamezoea. Lakini mstari usiudanganye. Ukisema umenyooka, uwe umenyooka."

Tukarudi juu ya ngazi, tukaufuta wote, tukaupiga tena.

Brashi zake alizitengeneza mwenyewe kwa nywele za mkia wa ng'ombe, kwa sababu zile za dukani zilikuwa za nguruwe. Ninayo moja mpaka leo. Alinifundisha pia rangi ya zamani, ya kabla ya makopo: maziwa yaache yagande, chuja maji yake, chukua yale mabonge, uyakande na chokaa mpaka yawe gundi, ndipo utie udongo wa rangi. Alisema rangi ya hivyo inamzika aliyeipaka. Ninyi mmezoea makopo na mnacheka. Siku kopo likichelewa kufika kwa reli mtanikumbuka.

Kazi ngumu zilikuwepo. Mlimani mwezi wa sita na wa saba ukungu unashuka mpaka mlangoni, na rangi ya mafuta inakaa siku nne ikiwa mbichi, inakamata kila mdudu anayepita. Mjini mwezi wa tisa ni vumbi. Lakini kazi iliyonitoa jasho kuliko zote ilikuwa ya mama mmoja wa Kizungu aliyetaka sebule iwe na rangi ya Mlima Meru saa moja asubuhi. Nilikwenda kwake saa moja asubuhi kwa siku tisa mfululizo, na siku tisa zote mlima ulikuwa umejifunika. Nikachanganya rangi kwa kumbukumbu: ya kwanza akasema ni ya saa tatu, ya pili akasema ni ya jioni. Siku ya kumi mvua ikanyesha, ndoo ikachanganyika na maji machafu ya paa, ikawa kijivu cha ajabu. Akaingia, akashika mashavu yake, akasema ndiyo hiyo hiyo. Nilizaliwa juu ya mlima huo na sijapata kuuona ukiwa na rangi ile.

Nyumbani nilianza kuchora mwenyewe. Nilichukua vifuniko vya makasha ya chai, nikavipiga msasa, nikavipaka mabaki ya rangi: pembetatu, nusu duara, miraba inayogusana pembe kwa pembe. Sikuwa nimeona mtu mwingine akifanya hivyo. Eliaichi alikuja akasimama nyuma yangu akauliza ni nini.

"Ni pembetatu tatu na nusu duara," nikamwambia.

"Naona," akasema. "Nauliza ni nini."

Mchungaji naye aliuliza, akadhani ni Utatu Mtakatifu, nami nikamwacha adhani hivyo kwa kuwa alifurahi. Baba aliuliza kama ni ramani ya shamba. Haikuwa ramani ya shamba wala ya kitu chochote. Rangi mbili zikikutana kwenye mstari ulionyooka, ndani yangu panatulia, basi. Vibao vinane Eliaichi alivifanya mlango wa banda la mbuzi, na kusema kweli ni mlango mzuri.

Fundi Athumani alifariki wakati wa vita ya pili, Mungu amrehemu. Alikuwa ameona vibao vyangu mara moja. Alirudi hatua kumi na mbili, kama alivyotufundisha, akafumba jicho moja. Akasema mistari imenyooka. Sikuhitaji sifa nyingine.

Sasa nifike kwenye ukuta.

Baada ya vita walijenga ukumbi wa mikutano karibu na soko, na ukuta wa ndani ulikuwa mrefu, hatua thelathini, hauna dirisha hata moja. Bwana wa majengo, Mwingereza mfupi aliyependa kusimama kwenye ndoo ili awe mrefu, alitaka twiga na mlima. Nikamwambia siwezi kuchora twiga. Ilikuwa kweli, Fundi Athumani hakunifundisha kitu chenye miguu. Akakuna kichwa, akasema basi nifanye chochote nijuacho, mradi nitumie rangi zilizobaki ghalani na ukuta uwe tayari siku ya kufungua.

Nilikuwa nimepaka rangi ya maziwa zaidi ya miaka ishirini. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia nifanye nijuacho. Niliupiga ukuta ule kamba kwa siku nne kabla sijafungua kopo. Ghalani kulikuwa na kijani cha milango, kahawia ya shule, nyeusi, na nyekundu ya ndoo za zimamoto. Nilipanga miraba na nusu duara kutoka mwisho huu hadi mwisho ule, zinakua na kupungua, na mahali jicho linapoingia kutoka mlangoni niliweka umbo moja nililokuwa nimelitunza kwenye daftari langu muda mrefu.

Nililipata hivi. Miaka kadhaa nyuma nilipaka nyumba ya mzungu mmoja mwenye shamba upande wa Usa. Ukutani alikuwa ametundika ngao ya ngozi ya Waarusha, nzee, imekakamaa. Tuliposhusha vitu ili tupake, niliisimamisha barazani, nikasahau kazi. Ilikuwa na nusu duara nyeusi pembeni, mstari mweupe katikati, na upande mmoja duara jekundu lililorefuka kama yai. Chini ya duara hilo palikuwa na pengo la upana wa vidole viwili, limeingia ndani kwa mshazari. Lile pengo ndilo lililonishika. Mtu mwingine angelifunga duara lake, huyu aliliacha wazi, na umbo lote likapata uhai. Nikajiambia aliyechora hili alikuwa fundi kuliko mimi na Athumani tukiwekwa pamoja. Nikalichora kwenye daftari, pengo na yote, nikalipima.

Pale ukumbini nililikuza likawa na urefu wa mtu. Nilipolimaliza nilirudi hatua kumi na mbili, nikakaa chini sakafuni peke yangu. Nilikuwa na furaha kama mtu aliyepata mtoto.

Siku ya tatu karani wa ukumbi alinijia na uso wa msiba. Alisema wazee wa Kiarusha waliopita sokoni wamechungulia mlangoni, wameona alama yao ukutani, alama ya ngao, imechorwa na Mmeru, na wanaulizana kwa ruhusa ya nani. Alisema wanakuja kesho.

Hapa lazima mwelewe, ninyi mliozaliwa mjini. Babu zetu na babu za Waarusha walichukuliana ng'ombe na kuuana kabla ya mzungu yeyote kufika. Hayo yalikuwa yamepoa, tulikuwa tunauziana ndizi na kuozana mabinti, lakini mwenye kovu usidhani kapoa. Tena siku zile sisi Wameru tulikuwa na maneno yetu mazito na serikali juu ya ardhi, na sikutaka niwe Mmeru anayeleta maneno mengine. Niliogopa. Saa ya chakula cha mchana, wenzangu wakiwa nje, nilifungua kopo la rangi ya maziwa nikalipaka lile duara mikono miwili, wa pili kabla wa kwanza haujakauka. Liliondoka lote. Nilijisikia vibaya, lakini nilijiambia nimeokoa ukuta.

Asubuhi nilipofika, mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye benchi, anautazama ukuta. Shuka lake lilikuwa na umande mpaka magotini. Alikuwa na miaka themanini au zaidi, mrefu, fimbo yake imelala mapajani. Nilimwamkia shikamoo, akaitika bila kugeuka. Nilisimama nikingoja anifokee. Hakunifokea. Alinyoosha kidole penye doa la rangi ya maziwa.

"Hapa palikuwa na kitu," alisema.

"Ndiyo, baba. Nimekifuta. Nilisikia mmechukia."

"Wanaulizana tu. Wazee lazima waulizane, wana kazi gani nyingine?" Akakung'uta umande kwenye shuka lake. "Mke wa jirani alikuja na habari kwamba duara la Loishiye, langu mimi, liko mjini, kubwa kama mtu. Nimetembea kutoka Olasiti tangu alfajiri. Juzi umenipa, leo umeninyang'anya. Nimefanya nini?"

Sikuelewa. Nikakaa chini karibu na miguu yake, akanielewesha pole pole, kwa Kiswahili chake kichache. Alama nyekundu ya ngao, kwao, mtu hajipi. Wenzake wa rika hukaa wakasema, fulani amefanya jambo, achore. Na ikishachorwa haifutwi. Hufutwa kwa mtu mmoja tu, yule aliyekimbia akawaacha wenzake. Ukipita kijijini na ngao iliyofutwa, watoto wanajua wewe ni nani.

Nikamwuliza alijuaje kwamba ni ya kwake, maana alama nyekundu zilikuwa nyingi zamani.

"Nyekundu ni nyingi," alisema. "Yenye tundu la mkuki ni moja."

Hapo ndipo nilipojua nilichokuwa nimekipima kwa vidole vyangu, nikakisifu, nikakikuza. Lile pengo halikuchorwa na fundi yeyote. Ngao hiyo Mzee Loishiye aliitoa mwenyewe kwa mzungu mwaka wa njaa, akapewa mahindi, na wanawe wakaishi. Hakuiona tena. Alikuwa amekaa na jambo hilo kifuani miaka yote, halafu likatokea mjini penye watu wote, halafu mimi, saa ya chakula cha mchana, nikamtangaza kuwa mwoga. Niliona haya, ile haya inayopasha masikio moto. Haraka haraka haina baraka, tulifundishwa shuleni, kabla baba hajanitoa.

Nikamwambia nitalirudisha leo hii, nina kila kipimo. Akatikisa kichwa.

"Wewe ni nani wa kunipa? Aliyebaki wa rika langu ni mmoja, Lesian, yuko Terrat. Yeye akisema chora, basi. Asiposema, acha hivyo."

Bwana wa majengo alikuja mchana, akapanda ndoo yake, akauliza doa lile ni la nini. Nilimwambia kuna ruhusa naingojea. Alidhani ni ruhusa ya ofisi, akakasirika, maana ofisi ilikuwa yeye. Akasema ufunguzi ni Alhamisi. Ikifika Jumanne jioni doa lipo, ataupaka ukuta wote rangi ya maziwa. Ilikuwa Ijumaa. Nikamtazama usoni nikaona hatanii.

Jumamosi nilikwenda Terrat kwa miguu na kondoo dume mmoja. Eliaichi alimfungua kondoo mwenyewe, akanikabidhi kamba, akasema kwa duara moja tunatoa kondoo, ningepaka twiga tungetoa ng'ombe. Lakini alinifungia ndizi za kuchoma njiani, na alinisindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

Mzee Lesian alikuwa kipofu. Alikaa mlangoni, mguu wake mmoja umenyooka, haukunjiki. Alisikiliza habari yangu yote mkwe wake akimtafsiria, akampapasa kondoo mgongoni kwanza, halafu akaniuliza kama lile tundu nililiona mwenyewe, liko upande gani, limelala vipi. Nilimwonyesha kwa kuchora kwenye kiganja chake. Akafunga kiganja.

Akanisimulia. Walikuwa wamekuja kwetu kuchukua ng'ombe na mambo yakawageukia. Yeye alichomwa mguu, akaangukia mtoni, maji yamejaa. Wenzao wengine walikwisha kuvuka. Loishiye alirudi. Alimtupa begani, akavuka naye, mkono mmoja umemshika, mkono mwingine umeweka ngao nyuma kumfunika mgongo. Katikati ya maji mkuki ulipiga ngao, ukatoboa, ukasimama upana wa kidole kutoka kwenye mbavu za Lesian.

"Watu wa kwenu wanatupa vizuri," alisema.

"Labda alikuwa babu yangu," nikamwambia.

Mkwe wake alipotafsiri, mzee alicheka mpaka akakohoa. Akasema kama alikuwa babu yangu, basi nusu ya ule mchoro ni ya ukoo wetu, na ndiyo maana nililipenda lile tundu kuliko vingine. Halafu akasema masharti yake. Rangi isiwe ya kopo, iwe udongo mwekundu kama siku ile. Loishiye achore kwa kidole chake. Na yeye mwenyewe awepo.

Jumapili sikwenda kanisani, Bwana anisamehe. Nilikwangua lile doa mpaka lipu ikaonekana, kwa sababu udongo haushiki juu ya mafuta. Nikagandisha maziwa, nikachuja, nikakanda na chokaa kama Fundi Athumani alivyonionyesha, nikasaga udongo mwekundu walioniletea wana wa Mzee Loishiye kutoka Olasiti mpaka ukawa laini kama unga wa uji. Nilikuwa sijaifanya rangi ile tangu yeye afariki. Harufu yake ilimrudisha kabisa, kofia na yote.

Jumanne walifika. Mzee Lesian alipanda punda, mkwe wake anaongoza, Mzee Loishiye anatembea kando, mkono kwenye shingo ya punda. Karani aliacha vitabu vyake akaja kusimama mlangoni. Bwana wa majengo naye alikuwepo na makopo mawili ya rangi ya maziwa miguuni, tayari, akatazama saa yake. Niliweka msumari na kamba, nikataka kumpigia Mzee Loishiye mstari wa kufuata. Akaisukuma kamba yangu kando kwa upole.

Mzee Lesian alipelekwa ukutani. Aliweka kiganja kwenye lipu tupu, akasema maneno kwa Kimaa, lugha yao, machache, na jina la Loishiye nikalisikia mara mbili. Kisha akarudi nyuma. Mzee Loishiye alichovya kidole, akaanza kuchora. Alipumzika mara nne. Mstari ulipanda, ukapinda, ukarudi, na upande wa kushoto ulitoka nje vidole vitatu kamili kuliko upande wa kulia. Pale penye tundu aliinua kidole, akaliacha wazi, kwa mshazari, mahali pake hasa. Wengine tukajaza ndani kwa viganja. Juu na chini yake kulikuwa na miraba yangu na nusu duara zangu, kila moja imepigwa kamba, na katikati yao kitu kile kimekaa upande.

Mzee Lesian hakuweza kuona. Alikuwa amesimama na fimbo, uso ameuelekeza ukutani, na aliuliza kwa maneno machache ya Kiswahili aliyoyajua, ili nami nielewe.

"Fundi. Imenyooka?"

Mzee Loishiye alikuwa ameteremsha mkono wake mwekundu, ananitazama mimi. Alijua. Macho yake yalikuwa mazuri kuliko mkono wake. Nilirudi hatua kumi na mbili, nikafumba jicho moja, kama nilivyofundishwa, nikaangalia kwa muda unaostahili.

"Imenyooka, baba," nikasema.

Mzee Lesian akaitikia kwa kichwa. Mzee Loishiye alijifuta kidole kwenye shuka lake. Bwana wa majengo aliyachukua makopo yake ya rangi akayarudisha ghalani. Njiani kurudi nyumbani nilimwomba Fundi Athumani msamaha kwa sauti, barabarani, watu wakinipita, nikamweleza mambo yalivyokuwa, na nadhani alinielewa.

Wazee wale wote wawili wamekwisha kufariki, Mzee Lesian kwanza. Mpaka mwaka wake wa mwisho Mzee Loishiye alikuja mjini siku za soko, akakaa kwenye benchi lile lile, na watu wa kwao wakaja kumwamkia hapo. Nikiwa karibu nilikaa naye. Hatukuwa na maneno mengi. Ilikuwa ni saa nzuri kuliko nyingine zote za juma.

Sasa kijani changu kinabanduka na kahawia imepauka, nimekwenda kuangalia juzi. Ile nyekundu ya udongo iko kama siku ile. Ukumbi utapakwa upya, pengine na serikali hii, pengine na ile inayokuja, na mtatumwa ninyi. Kamba yangu nimeiacha kwenye msumari wa tatu ndani ya ghala, pamoja na buluu. Ipigeni mahali pote, na kwa mistari yangu msinionee huruma, iliyopinda inyoosheni. Mkifika kwenye ile nyekundu, itundikeni kamba mlangoni kwanza. Na mtu akiwauliza kama imenyooka, mnajua jibu.